Dubai au Maskati? Mwongozo wa shule kwa familia za Pwani zinazohamia Ghuba

Swali hili huulizwa zaidi kati ya Aprili na Julai, kabla ya shule nyingi za Ghuba kufungua mwaka mpya mwishoni mwa Agosti. Mtu wa Mombasa, Malindi au Lamu amepata kazi huko, au yuko huko mwaka wa pili na sasa mwajiri amemkubalia kuleta mke na watoto. Wengine wana barua mbili za kazi mkononi. Wengine wamekaa Dubai na wanafikiria kuvuka mpaka, maana ni safari ya gari ya saa nne au tano tu hadi Maskati, na wameambiwa kule maisha ni nafuu na watu wanazungumza Kiswahili. Yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote, na mzazi akichagua kwa kusikia, mtoto ndiye anayelipa.

Makala haya ni kwa mzazi ambaye kazi yake inamruhusu kudhamini familia. Katika Falme za Kiarabu kiwango cha chini cha mshahara kinachotakiwa ni dirham 4,000 kwa mwezi, au 3,000 pamoja na nyumba ya kazini. Oman nayo ina kiwango chake, na kimeshushwa zaidi ya mara moja miaka ya karibuni, kwa hiyo muulize mwajiri kinachotumika siku unayoomba. Lakini kuruhusiwa kuleta familia ni jambo moja na kuweza kuisomesha ni jambo jingine. Dirham 4,000 zitakupatia visa ya mtoto. Karo, kodi ya nyumba na chakula hazitakutosheleza.

Jambo la pili la kuelewa mapema ni kwamba katika miji yote miwili shule za serikali hufundisha kwa Kiarabu na zimewekwa kwa ajili ya raia kwanza. Hata ukiwa na jina la kabila la Hadhramaut au babu yako alitoka Sur, ukiingia na pasipoti ya Kenya mlango wako wa kweli ni shule ya kulipa.

Dubai: chaguo ni kubwa mno

Dubai ina shule za kibinafsi zaidi ya 220, zenye mitaala 17. Mtaala wa Kiingereza ndio wenye wanafunzi wengi zaidi, kisha wa Kihindi, halafu wa Kimarekani na ule wa IB. Zipo pia za Kipakistani, Kifaransa na nyinginezo. Hizi si shule za jana: Dubai English Speaking School ilianza mwaka 1963, na Our Own English High School, shule ya Kihindi ambayo ndiyo mwanzo wa kampuni kubwa ya GEMS, ilianza 1968, kabla hata Falme za Kiarabu hazijaungana kuwa nchi moja mwaka 1971.

Kitu ambacho Dubai inaishinda Maskati waziwazi ni habari. Mamlaka ya elimu iitwayo KHDA ilianza kukagua shule za kibinafsi mwaka wa masomo wa 2008–09, na ripoti zake ziko kwenye tovuti yake, bure, kwa jina la kila shule. Kuna madaraja sita: bora kabisa, nzuri sana, nzuri, ya kuridhisha, dhaifu na dhaifu sana. Karo ya kila darasa pia imeandikwa pale. Shule haiwezi kupandisha karo kama inavyotaka. KHDA hutoa kiwango cha juu cha nyongeza kila mwaka kulingana na gharama za uendeshaji. Mzazi aliyekaa Kisauni na simu yake anaweza kusoma haya yote kabla hajanunua tiketi. Tahadhari moja tu: kuanzia mwaka wa masomo wa 2024–25 ukaguzi kamili ulisimamishwa kwa shule nyingi, kwa hiyo daraja unaloliona huenda ni la miaka kadhaa nyuma. Tazama tarehe ya ripoti kabla hujatazama daraja.

Karo ya Dubai haina wastani unaosaidia. Kuna shule za Kihindi na za Kipakistani zinazotoza chini ya dirham 10,000 kwa mwaka, na kuna shule za mtaala wa Kiingereza na IB zinazopita dirham 100,000. Kwa bei za karibuni dirham moja ni kama shilingi 35 za Kenya. Piga hesabu mwenyewe. Juu ya karo weka basi la shule, sare, vitabu, na mara nyingi kompyuta. Basi peke yake hufika maelfu ya dirham kwa kila mtoto, na wazazi wengi wa kwetu huliona gharama hiyo wakiwa wameshahamia.

Wengi hukwepa kodi ya nyumba ya Dubai kwa kukaa Sharjah. Hilo linawezekana, lakini lifikirie kwa upande wa mtoto. Barabara ya Sharjah kwenda Dubai asubuhi ni foleni inayojulikana na kila aliyekaa huko, na mtoto wa miaka sita atakuwa kwenye basi kabla jua halijapanda. Ukikaa Sharjah, bora umsomeshe Sharjah. Ila shule za huko ziko chini ya mamlaka yake, SPEA, si KHDA, na wikendi yake ni tofauti: tangu 2022 Sharjah hupumzika siku tatu, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, huku Dubai ikifanya Ijumaa nusu siku na kupumzika Jumamosi na Jumapili. Baba akifanya kazi Dubai na watoto wakisoma Sharjah, ratiba za nyumba moja hazilingani.

Maskati: shule chache, mji uliotulia

Maskati huwezi kuzunguka ukichagua kama mtu aliye sokoni Kongowea. Majina yanayotajwa na wageni ni machache. British School Muscat, iliyoko Madinat Sultan Qaboos, hufuata mtaala wa Kiingereza. TAISM, shule ya Kimarekani iliyofunguliwa 1998, ndiyo ya familia nyingi za mabalozi na kampuni za mafuta. ABA, iliyoanza 1987, hufundisha IB. Sultan's School, ya 1977, hufundisha kwa Kiarabu na Kiingereza pamoja. Kwenye shule ya Kiingereza na ya Kimarekani, karo huhesabiwa kwa maelfu ya riali kwa mwaka kwa mtoto mmoja, na riali moja ya Oman ni kama shilingi 335, au dirham tisa na nusu. Usidanganyike na udogo wa tarakimu.

Upande wa pili kuna shule za Kihindi, ambazo ndizo hubeba watoto wengi wa wafanyakazi wa kawaida: Darsait, Wadi Kabir, Ghubra, Seeb na kwingineko. Indian School Muscat ya Darsait iko tangu 1975. Ni shule za jamii chini ya bodi moja, hazikuanzishwa kwa faida, na karo yake iko kwenye mamia ya riali badala ya maelfu. Lakini zimeanzishwa kwa ajili ya watoto wa Kihindi, kwa hiyo mgeni wa taifa jingine asitarajie kutangulizwa. Uliza nafasi kwanza, ndipo utie saini mkataba wa nyumba. Mwaka wao huanza Aprili, si Septemba. Ukifika Agosti umekuta watoto wameshasoma muhula mzima.

Shule za kibinafsi za Oman husimamiwa na Wizara ya Elimu, lakini mzazi hapati urahisi ule wa Dubai wa kulinganisha shule kwa ripoti moja moja. Huko watu huangalia ithibati kutoka nje, matokeo ya mitihani ya mwisho, na zaidi ya yote huulizana. Kwa bahati njema, sisi tuna wa kuwauliza.

Kiswahili cha Maskati

Hapa pana jambo ambalo mwongozo wa Mzungu hautakuandikia. Mwaka 1970, Sultan Qaboos alipotwaa madaraka, Oman ilikuwa na shule tatu tu. Waomani waliozaliwa au kusoma Unguja na kwenye mwambao wetu, wengi wao wakiwa wametawanyika baada ya mapinduzi ya 1964, waliitwa warudi, na waliingia maofisini, hospitalini na madarasani kwa sababu walikuwa na elimu na Kiingereza. Ndiyo maana hadi leo utasikia Kiswahili benki, kliniki na sokoni Seeb. Mama aliyetoka Old Town hatakuwa mgeni kabisa. Atapata jirani wa kumwamkia shikamoo, na atapata mandazi.

Lakini wazazi wengi hukosea kuchukulia kwamba mtoto naye atahifadhi Kiswahili chake. Kiswahili cha Maskati ni cha watu wazima na wazee. Wajukuu wao huzungumza Kiarabu na Kiingereza, na ndio watakaokaa dawati moja na mwanao. Isitoshe, hicho ni Kiswahili cha mdomo, na mwanao atakaporudi nyumbani ataulizwa insha na sarufi. Kwa hilo Dubai na Maskati ziko sawa: shule haitamfundisha, ni kazi yako.

Kiarabu na dini ni faida ya kweli kwa miji yote miwili. Katika shule za Dubai Kiarabu ni lazima hata kwa wasio Waarabu hadi darasa la 9, na Elimu ya Kiislamu ni lazima kwa wanafunzi Waislamu. Oman pia somo la dini hupatikana shuleni, na wikendi yake ni Ijumaa na Jumamosi tangu 2013. Kwa familia iliyozoea Ijumaa ya kwetu, ya kuoga mapema na kwenda msikitini bila haraka, hilo si dogo.

Hesabu inayopotosha

Makosa ya kawaida ni kulinganisha shule ya Kiingereza ya Dubai na shule ya Kihindi ya Maskati, kisha kusema Maskati ni rahisi. Tuchukue mfano, tarakimu ni zetu za kuonyesha tu. Baba analipwa dirham 12,000 kwa mwezi Dubai na ana watoto watatu. Akiwaweka shule ya Kiingereza ya dirham 30,000 kila mmoja, karo ni 90,000 kutoka mshahara wa mwaka wa 144,000. Zinabaki 54,000 kwa nyumba, chakula, basi na tiketi za kurudi nyumbani. Haiendi. Akiwaweka shule ya Kihindi ya 9,000, karo ni 27,000, karibu sehemu moja ya tano ya mshahara.

Sasa mpeleke Maskati kwa mshahara unaolingana, riali 1,250 kwa mwezi, yaani 15,000 kwa mwaka. Shule ya Kihindi ya riali 700 kwa watoto watatu ni 2,100, sehemu moja ya saba hivi. Kuna nafuu, lakini si ile inayosimuliwa. Anayesema Maskati amepumua, mara nyingi alichobadilisha ni mtaala, na kodi ya nyumba. Mji wenyewe umemsaidia kidogo. Na kama barua ya Maskati imekuja na mshahara mdogo kuliko wa Dubai, basi hata hiyo nafuu imekwisha. Dubai ina mzigo wake mwingine: kodi ya nyumba hulipwa kwa hundi chache za mwaka, wakati mwingine moja, mwezi ule ule ambao shule inataka malipo ya kwanza.

Kwa hiyo kabla ya kutia saini, usiulize tu "mshahara ni ngapi?" Uliza kama kuna posho ya shule, ni ya watoto wangapi, inalipwa shuleni moja kwa moja au inaingia kwenye mshahara, na kama inahesabu basi na ada ya usajili. Posho ya watoto wawili kwa familia ya watano ndiyo iliyowarudisha wengi nyumbani.

Jambo jingine la kazi: kibali cha kuishi cha mtoto kimefungwa kwa kibali cha mzazi. Kazi ikikatika katikati ya muhula, masomo nayo yanakatika. Oman imekuwa ikiongeza kazi ambazo mgeni haruhusiwi kuajiriwa, ili zibaki kwa raia. Tazama kama yako imo au iko karibu kuingizwa, hasa ukiwa na mtoto aliyebakisha miaka miwili kumaliza. Na shule inayodai karo yaweza kuzuia cheti cha kuhama, nacho ndicho mtoto atakachoombwa akirudi.

Mlango wa kurudi Kenya

Hapa ndipo uamuzi unapopaswa kuanzia. Wengi wa watu wetu hurudi. Mkataba huisha, wazazi huzeeka, au binti anafika umri wa chuo. Mtoto huyo atarudi kwenye mfumo gani?

Mfumo wetu wa sasa, ulioanza kuchukua nafasi ya 8-4-4 mwaka 2017, humpima mtoto hatua kwa hatua. Nafasi ya Gredi ya 10 hutolewa kwa kuchanganya alama za KJSEA ya Gredi ya 9, asilimia 60, tathmini za shuleni za sekondari msingi, asilimia 20, na KPSEA ya Gredi ya 6, asilimia 20. Mtoto aliyekuwa Ghuba kutoka Gredi ya 5 hadi ya 8 hana KPSEA wala tathmini za kutosha. Akirudi Gredi ya 9 ana miezi michache, na Kiswahili kinamngoja. Ukitaka arudi mfumo wa Kenya, mrudishe kabla ya Gredi ya 6 au mwanzoni mwa Gredi ya 7, na ufuatilie usajili wake wa KNEC mapema. Kumbuka pia mwaka wetu huanza Januari: anayemaliza darasa Juni atakaa nusu mwaka au ataingia katikati. Na mzazi asichanganye majina ya madarasa. Mwaka wa 7 wa mtaala wa Kiingereza ni Gredi ya 6 yetu, si ya 7.

Njia ya pili ni kumwacha mtoto kwenye mtaala wa kigeni hadi mwisho, hata akirudi. Hapo mtaala wenye mlango Mombasa ndio wenye thamani. Wa Kiingereza wa Cambridge unafundishwa katika shule kadhaa za hapa, na IB ipo Aga Khan Academy, iliyofunguliwa Mombasa mwaka 2003. Kwa mtaala wa Kihindi milango ni michache sana. Shule ya Kihindi ni nafuu mkiwa huko na hesabu yake ni kali, nzuri, lakini mtoto wa miaka 14 akirudi ghafla hana pa kuendelea kwa urahisi. Gharama ya unafuu ule hulipwa siku hiyo.

Kwa Kiswahili, Cambridge ina mtihani wa IGCSE wa somo hilo. Shule haifundishi pengine, lakini uliza kama itakubali kumsajili mtoto akisomea nyumbani. IB nayo humruhusu mwanafunzi kusoma fasihi ya lugha ya kwao kwa kujisomea chini ya usimamizi wa shule. Ukimya wa mzazi ndio unaomfanya mtoto achukue Kifaransa.

Akifika chuo kikuu, cheti cha kigeni lazima kilinganishwe na cha Kenya kabla hakijakubaliwa, na utaratibu wa serikali wa kugawa nafasi umejengwa juu ya alama za KCSE. Weka vyeti vyote, vya kila mwaka, si cha mwisho tu.

Karatasi

Hili tunalitilia mkazo kwa sababu limekwamisha familia nyingi. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa na ripoti za shule huidhinishwa Wizara ya Mambo ya Nje, Nairobi, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. Cheti cha ndoa cha Kadhi kilichoandikwa kwa mkono na kufifia hukataliwa. Nenda ofisini ukaombe nakala safi mapema. Halafu tazama majina. Kwetu baba ni Mohamed kwenye kitambulisho, Muhammad kwenye pasipoti na Mohammed kwenye cheti cha mtoto. Hapa tunaelewana, kwenye kompyuta ya Dubai au Maskati hao ni watu watatu. Rekebisha ukiwa bado Kenya.

Tungechagua vipi

Mwenye posho kamili ya shule na watoto wadogo, Dubai inampa nafasi ya kuchagua kwa macho, na mtaala wa Kiingereza utamrudisha Mombasa bila kishindo. Tangu 2024 flydubai inaruka moja kwa moja Mombasa, jambo linalosaidia mwezi wa Julai watoto wakitaka kumwona bibi. Mwenye posho ya kweli Maskati, hasa familia inayotaka utulivu, Ijumaa yake na majirani wa Kiswahili, hana haja ya kuionea wivu Dubai, mradi amepata nafasi ya shule kwa maandishi.

Asiye na posho, mwenye watoto watatu na mkubwa yuko Gredi ya 7 kwenda juu, tungemshauri asiwahamishe wote. Mkubwa abaki amalize kwao na wadogo waende, au wote wabaki na baba atume karo. Ni shauri chungu, na akina mama wengi hawalipendi, kwa haki. Lakini tumewaona waliohama wakiwa watano na kurudi ndani ya miaka miwili, watoto wakiwa nyuma madarasa mawili na deni la shule likiwafuata.

Mwenye kazi ya mkataba wa miaka miwili na watoto walio chini ya miaka minane, shule ya Kihindi ya mji wowote inatosha, mradi kila jioni kuna kitabu kimoja cha Kiswahili kinachosomwa kwa sauti mezani.